Mtoto wa kilo tisa na milima ya Bukavu: kikwembe, bizimu, pete au fundi?

Kigari cha mtoto hakipandi mtaa wa Nyamugo, na mvua ikinyesha hakishuki hata ule wa Nguba. Kwa hiyo mtoto akifika miezi minane, anaketi mwenyewe, na mama amerudi kazini au inabidi amfikishe kwa koko (bibi) kila asubuhi, familia nyingi huanza kutafuta kitu cha kumbebea. Huyu si mchanga tena. Ana uzito, anataka kuona kila kinachopita, na kama hakuzoea kuhekwa, yaani kubebwa mgongoni, tangu mdogo atajikaza kama ubao siku ya kwanza.

Tumelinganisha vitu vinne ambavyo mama wa Bukavu anaweza kuvipata bila kuagiza ng'ambo: kikwembe (kitenge) cha kawaida, kibebeo cha bizimu kinachotoka kwenye mitumba, kibebeo kipya cha dukani chenye kiti kigumu kiunoni, na kile anachoshona fundi wa cherehani, kiwe cha pete au cha kamba. Jibu letu kwa aliye na haraka: nunua kikwembe cha pamba na cha pili cha kukaza kiunoni. Ukiwa na pesa ya kuongeza, mpe fundi. Mitumba ni bahati, na kiti kigumu hatukipendekezi kwa mji huu, hata kikiwa kizuri kwa macho.

Kwanza uzito, maana ndio unaoamua. Kwa vipimo vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani, mvulana wa katikati ana kilo 7.9 akiwa na miezi 6, kilo 8.9 akiwa na miezi 9, kilo 9.6 akifikisha mwaka, na kilo 12.2 akiwa na miaka 2. Msichana ana 7.3, kisha 8.2, kisha 8.9, na 11.5 kwa miaka 2. Unachonunua leo kwa mtoto wa kilo nane kitabeba kilo kumi na mbili kabla hakijachakaa. Kipime kwa kilo hizo za mbele.

Kipimo cha pili ni kiti. Shika kibebeo chochote, tazama sehemu anayokalia mtoto, halafu uliza: kitambaa kinafika toka goti moja hadi goti la pili? Mtoto akikaa vizuri, magoti yapo juu kidogo kuliko matako, mapaja yamefunguka kumzunguka mbebaji, na mgongo wake umelala juu ya mwili wa mama. Kiti kikiwa chembamba, uzito wote unaning'inia kwenye mshipi mwembamba kati ya mapaja. Kwa mchanga hilo linagusa nyonga ambazo bado hazijakomaa. Kwa mkubwa wa miezi tisa tatizo ni lingine: mapaja yanafinywa, miguu inakufa ganzi, naye anaanza kurusharusha miguu na kulia. Mama anadhani mtoto hapendi kuhekwa, kumbe hapendi kile kiti. Kwa umri wa miezi 8 hadi 14, upana wa sentimita 33 hadi 38 chini unawafaa wengi. Mpime wako akiwa ameketi, mapaja wazi, toka nyuma ya goti hadi nyuma ya goti.

Kipimo cha tatu ni cha Bukavu wenyewe. Mji uko kwenye mwinuko wa mita kama 1,500, na kutoka nyumbani kwenda barabara kuu mara nyingi ni ngazi za udongo, mawe na mitaro. Mtoto mkubwa akiwa kifuani, kichwa chake kinafika kwenye kidevu chako na mwili wake unaficha miguu yako. Kwenye mteremko huoni unapokanyaga. Uzito wa mbele nao unakuvuta mbele wakati unashuka, pale pale ambapo utelezi unakungoja. Hii ndiyo sababu tunasema kwa nguvu: mtoto akishaketi mwenyewe na kushika kichwa imara, mahali pake kwenye vilima ni mgongoni, tena juu.

Kikwembe

Kuheka kwa kikwembe kila mtu Bukavu amekuona, na kwa sababu hiyo wachache hufundishwa. Msichana anaigiza, mtoto wa miezi minne anakaa, basi. Mtoto wa kilo tisa ndiye anayefichua makosa.

Piesi ya yadi 6 hutoa vikwembe vitatu vya yadi 2, kila kimoja kama mita 1.80 kwa urefu na mita 1.15 hadi 1.20 kwa upana. Kwa mama mwembamba yadi 2 zinatosha. Kwa mama mnene, au mtoto aliyefika kilo kumi, mwambie muuzaji akukatie yadi 2 na nusu. Sentimita hizo 45 zinaokoa fundo. Kitambaa kiwe cha pamba tupu. Njia ya kuhakikisha ni ya zamani na haidanganyi: chomoa nyuzi mbili tatu pembeni, ziwashe kwa kiberiti. Pamba inaungua ikinuka karatasi na kuacha majivu laini. Ikiyeyuka na kuacha kitone kigumu cheusi, ni polyesta au mchanganyiko, na polyesta huteleza: unafunga nyumbani, ukifika njia panda mtoto ameshuka hadi kiunoni. Jina la chapa halitoshi kukuhakikishia. Wax ya Vlisco, kampuni ya Helmond huko Uholanzi iliyoanza mwaka 1846, ni pamba nzuri, lakini bei yake si ya kitambaa cha kukojolewa, na sokoni kuna nakala nyingi zenye maandishi yanayofanana nayo. Wax ya kawaida ya China iliyopita mtihani wa kiberiti inatosha kabisa. Kikiwa kipya, kifue mara mbili kwa sabuni na maji ya uvuguvugu kwanza, kwa sababu ule ugumu wa dukani unateleza.

Hatua zenyewe, mara ya kwanza, zifanyike kando ya kitanda na mtu mzima mwingine akiwa nyuma yako. Mtoto akae kwenye nyonga yako. Inama mbele mpaka mgongo uwe karibu kama meza, kisha umzungushe kwa kumpitisha chini ya kwapa, mkono mmoja ukibaki juu ya mgongo wake wakati wote. Msogeze juu hadi uso wake ufike kati ya mabega yako. Wengi humwacha chini mno, na hapo kila kitu kinaharibika. Ukiwa bado umeinama, tupa kikwembe juu yake, ukingo wa juu ufike kwenye makwapa yake, mikono yake ikibaki nje. Leta pembe mbili za juu mbele, juu ya matiti, vuta kwa zamu kulia na kushoto mpaka usisikie pengo kati ya kifua chake na mgongo wako, kisha funga fundo la mara mbili.

Sasa sehemu ambayo wengi huiruka. Ingiza mikono nyuma, kamata ukingo wa chini, upitishe chini ya matako yake hadi ufike katikati ya mapaja, karibu na magoti, halafu uvute mbele kwa nguvu na kufunga chini ya matiti. Kitambaa kinachokusanyika nyuma ya magoti ndicho kiti. Kama ukingo umeishia kwenye matako tu, mtoto atasimama ndani ya kikwembe, atasukuma kwa miguu na kujitoa kwa juu. Nyanyuka polepole. Rukaruka mara mbili papo hapo, bila kumwachia. Akishuka zaidi ya vidole viwili, inama tena uanze upya. Usivute fundo ukiwa umesimama, maana utakaza kifua chako tu huku yeye akibaki palepale.

Kwa mtoto wa zaidi ya kilo tisa tunashauri kikwembe cha pili. Kikunje kiwe mkanda wa upana wa sentimita 20 hadi 25, kipitishe chini ya matako juu ya kile cha kwanza, kifunge kiunoni. Uzito unahama kutoka kifuani kwenda kwenye nyonga, na safari ya nusu saa hugeuka kuwa ya saa nzima. Anayenyonyesha naye atashukuru, kwa sababu fundo lililokazwa juu ya titi lililojaa linaweza kuzuia maziwa na kuleta uvimbe. Kama titi linauma, pitisha pembe moja ya juu begani na nyingine chini ya kwapa, ufunge kifuani kwa mshazari. Badilisha bega kila safari.

Kasoro za kikwembe hatuzifichi. Mbinu inahitaji siku kadhaa. Kwenye mvua kinalowa, kinalegea na kuwa kizito, kwa hiyo beba kingine kikavu ndani ya nailoni. Na mtoto anayependa kujirusha nyuma anaweza kukulegezea fundo, jambo linalotuleta kwenye siku za kwanza.

Mtoto asiyezoea

Aliyeanza kuhekwa akiwa mchanga anaujua mgongo kama kitanda chake. Wa miezi kumi aliyekulia kwenye mkeka na mikononi anaona amefungwa. Usianze siku ya safari, wala wakati wa usingizi ukidhani atasinzia. Anza ameshiba, amebadilishwa, amelala na kuamka. Muda wa kwanza ni dakika tano hadi kumi, na ukishamfunga tu anza kutembea, maana kusimama papo hapo ndiko kunakomliza. Nenda kwenye jambo la kutazama: kuku wa jirani, barabara, dirisha. Mweke juu kiasi cha kuona juu ya bega lako. Nusu ya vilio vya watoto wa umri huu ni kwa sababu wanaangalia nguo ya mama tu.

Akikaza miguu, usimlazimishe kuikunja. Mshike chini ya magoti, mnyanyue kidogo kama anayechuchumaa, miguu hujikunja yenyewe. Akijirusha nyuma, maana yake ukingo wa juu uko chini ya makwapa yake au kuna pengo. Rekebisha hilo kabla ya kumlaumu. Wengine hukubali nyonga kwanza, siku nne au tano, ndipo mgongo. Ongeza dakika tano kila siku. Kwa wiki mbili wengi hufika dakika 30 hadi 40. Baada ya saa moja, au moja na nusu, mshushe ajinyooshe, hata kama amenyamaza.

Akilala, ukingo unaweza kupanda hadi usawa wa masikio kushika kichwa, uso ukiwa umegeukia upande mmoja, pua na mdomo wazi. Kwa kuwa humwoni, tumia kioo kidogo cha mkononi, au mwombe unayepita naye akutazamie. Asubuhi za baridi za Juni na Julai hesabu kikwembe kama nguo moja: mwenye sweta nene ndani ya vikwembe viwili atatoka jasho wakati mama anaona baridi. Funika miguu badala yake, ndiyo inayobaki nje.

Bizimu za mitumba

Kwenye marobota ya soko la Kadutu hutokea vibebeo vya Ulaya na Marekani, na mara nyingi muuzaji hajui alichonacho, anakiita mfuko. Soma lebo. Ergobaby Omni 360 imepimwa kwa kilo 3.2 hadi 20, ina kiti kipana na inafungwa mgongoni: ukiipata nzima, ichukue. Infantino Flip inaishia kilo 14.5 na ina kiti kinachopanuliwa. Inafaa kwa mwaka wa kwanza na nusu. BabyBjörn Original inaishia kilo 11, ina kiti chembamba na ni ya kifuani tu. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hapa Bukavu haikusaidii, hata wakikupa kwa bei ya nyanya.

Kipi cha kukagua? Bonyeza kila bizimu mara kumi, lazima ilie "ta!" na isifunguke ukiivuta kwa uzito wako wote. Bizimu iliyopauka kwa jua huwa imekauka na inaweza kupasuka. Fundi anaweza kuibadilisha, lakini mpya iwe na upana uleule wa mkanda, kwani mkanda wa milimita 38 ndani ya bizimu ya milimita 50 unateleza polepole bila wewe kujua. Kisha geuza mikanda ya mabega na utazame inapoungana na kitambaa cha mgongo. Nyuzi zilizokatika hapo ni sababu ya kukirudisha, si ya kupunguziwa bei. Mkanda wa kifua usikosekane. Bila huo mikanda ya mabega inafunguka pande zote ukimweka mtoto mgongoni.

Kosa la kuvaa linalojirudia: mkanda wa kiuno unafungwa chini kwenye nyonga kama wa suruali. Kwa mgongoni ufunge juu, kitovuni au zaidi, ili mtoto apande. Na ukikuta mfuko laini wa kumlaza mchanga akiwa amejikunja kama ndani ya kapu, uache, hata kama una mwingine mdogo nyumbani. Infantino SlingRider ya aina hiyo iliitwa irudishwe Marekani Machi 2010, kama mifuko milioni 1, baada ya vifo vya watoto watatu. Kidevu hukunjwa kifuani na pumzi hukatika kimyakimya. Nguo za mitumba huzunguka miaka mingi.

Kiti kigumu kiunoni

Ni mkanda mpana wenye kigoda cha sponji au plastiki mbele, na juu yake unaweza kuongeza kitambaa cha mgongo. Nyumbani, kwa mtoto anayeomba kubebwa na kushushwa kila dakika, kinapunguza uchovu wa mkono. Kwenye sakafu tambarare hatuna neno. Lakini kinamweka mtoto mbele na mbali kidogo na mwili wako, kwa hiyo uzito unavuta kiuno zaidi, na kigoda chenyewe kinaficha ngazi. Vingi vimeandikwa vinafungwa mgongoni pia. Ukijaribu, kigoda kinamsukuma mtoto nyuma. Velkro yake ikijaa nyuzi za sweta inalegea, na hapo unabaki na bizimu moja tu. Kwa vilima vya Kadutu, hapana.

Wakati kikwembe kinawashinda vingine vyote

Mama mwenye mimba mpya, na mtoto wa kwanza ana miezi kumi na minne na bado anataka mgongo: mkanda wa kiuno wa kibebeo cha bizimu unakaa juu ya tumbo na kulibana. Kikwembe hufungwa chote juu ya tumbo, bila kile cha pili cha kiunoni, kwa safari fupi. Aliyezaa kwa upasuaji naye asirudie kubeba mkubwa kabla muuguzi hajaona kidonda.

Na kuna yaya, yaani kaka au dada mkubwa. Nyumba nyingi mkubwa wa miaka tisa ndiye anayemheka mdogo. Kibebeo cha bizimu cha mtu mzima hakimkai, mikanda haikazi hadi mwisho na mtoto anacheza ndani. Kikwembe kinamfuata mwili. Lakini mtoto wa kilo tisa juu ya msichana mwembamba ni mzigo mkubwa: abebe uwanjani, dakika chache, mtu mzima akimfunga na kumfungua.

Hakuna kimoja kati ya hivi kilichotengenezwa kwa kupanda moto, yaani pikipiki. Mgongoni mtoto ndiye wa kwanza kugongwa kwa nyuma. Mbele anabanwa kati yako na dereva. Hakuna pia kinachofaa mbele ya mbabula (jiko la makaa): anayehekwa ananyoosha mkono ghafla, na ukiinama kuchochea makala moshi unamfikia yeye. Ukitaka kuokota kitu, kunja magoti, mgongo ubaki wima.

Kwa fundi

Hapa ndipo tungeweka pesa ya ziada. Mbeleko ya pete inahitaji kitambaa cha mita 2 kwa sentimita 70 hadi 75, na pete mbili za aluminiamu zisizo na kiungo, upana wa sentimita 7 hadi 8. Pete za mkoba zilizochomelewa zinaachia kwenye kiungo, zikatae. Ni nzuri kwa kumpeleka nyongani hadi dukani na kurudi. Kwa mwendo mrefu bega moja linachoka.

Kibebeo cha kamba ndicho cha mlima. Mpe fundi vipimo hivi: kitambaa cha mgongo upana wa sentimita 36 chini na 32 juu, kimo sentimita 42, kamba mbili za kiuno, kila moja sentimita 70, kamba mbili za mabega, kila moja mita 1.90 kwa sentimita 10, zenye sponji nyembamba sentimita 45 za mwanzo. Ndani iwe jinzi au kaki nzito, kikwembe ukipendacho kiwe cha juu kwa urembo tu. Kamba ziingie ndani ya kitambaa cha mgongo angalau sentimita 5, zishonwe mraba wenye msalaba katikati, mara mbili, kwa uzi wa polyesta. Uzi wa pamba huoza kwa jasho na mkojo. Kamba za mabega hupita juu ya mabega, zinapishana kifuani, zinarudi nyuma chini ya matako ya mtoto juu ya mapaja yake, kisha zinafungwa mbele.

Kabla mtoto hajaingia, kitundike kibebeo kwenye mwamba wa mlango, weka ndani mfuko wa maharagwe wa kilo 25, uache usiku kucha. Asubuhi geuza kila mshono. Uzi ukiwa umeachia hata mahali pamoja, mrudishie fundi kabla hujamlipa salio.